Mkono wa Mandazi

Wifi yangu alichukua mpunga wangu wa msimu mzima akamrushia kuku, na kuku hakushiba. Naanzia hapo kwa sababu mpaka leo nikikumbuka jino linaniuma, na jino lenyewe nilishaling'oa.

Mimi si mtu wa shamba, tuelewane kwanza. Nimezaliwa Garsen, nikalelewa nyuma ya karai la mandazi. Miaka ile ya tisini mabasi ya Lamu hayakuwa yanaenda hivi hivi. Yalikuwa yanasimama Garsen kungoja askari wa kuyasindikiza, na abiria anayengoja askari ana njaa ya woga, ambayo haina mwisho. Mmoja alimaliza karai zima akauliza kama karai lenyewe linauzwa. Mama yangu anachoma, mimi nakata madonge. Shule niliiona kwa nje, nikipitisha ndoo ya mandazi getini. Kusoma sikusoma, lakini donge nililijua. Donge langu la asubuhi na donge langu la jioni walikuwa mapacha, hata mama yao mzazi asingejua yupi ni yupi.

Basi akatokea mwanamume wa Chara, analeta ndizi na maembe kwa mtumbwi, akala mandazi yetu mpaka akaona itamfaa zaidi kumuoa mkataji. Nikamfuata. Kufika Chara nikakuta vitu viwili ambavyo bwana harusi alikuwa amesahau kunitajia: ndege, na wifi.

Ndege kwanza. Kule watu wanalima mpunga bondeni kando ya mto, pale maji yanapopanda na kushuka. Mpunga ukianza kushika punje, zile changa zenye maziwa ndani, wanakuja ndege wadogo wenye midomo myekundu. Mmoja ukimshika hajazi kiganja. Lakini si mmoja anayekuja. Wanakuja mpaka jua linaomba njia. Wakitua shambani kwako ukapiga chafya, ukifungua macho una nyasi.

Kwa hivyo kila mwenye shamba anajenga dungu, kitanda cha miti kilichopanda juu ya nguzo. Unasimama hapo kuanzia kunapopambazuka mpaka ndege waende kulala, na mkononi una kombeo. Hiyo ni kamba ya kusuka, katikati imepanuka kama kikapu kidogo cha kuwekea donge la udongo lililokauka. Ncha moja unaitia kidoleni, ya pili unaishika, unazungusha juu ya kichwa, unaachilia. Donge linaenda zake na kamba inalia pa! kama bunduki.

Sasa wifi. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa amerudi kwa mamake, wanasema ndoa ilimshinda, lakini mimi naamini ni yeye aliyeishinda ndoa, akaiangusha chini, akaikalia. Na alikuwa na mkono! Haki ya Mungu, yule angeweza kumtoa nzi kwenye pua ya ng'ombe wa Minjila akiwa amesimama Chara, na ng'ombe asikohoe. Mama mkwe wangu alikuwa na vipande viwili vya shamba vimelala ubavu kwa ubavu. Kimoja akampa binti yake, kimoja akanipa mimi mke wa mwanawe. Katikati kuna tuta tu, unaruka.

Msimu wa kwanza sikujua kutupa. Nilikuwa na debe bovu na sauti. Napiga debe, napiga kelele, ndege mwanzo mwanzo waliruka, baadaye wakazoea, mwisho nadhani walikuwa wanakula kwa mdundo. Na wifi yangu, ngoja nikwambie alichokuwa anafanya. Kundi likitua karibu na tuta, hatupi ovyo. Anangoja. Analiachilia donge lianguke nyuma yao, upande wake, tena kwa mlio. Ndege wanaruka kukimbia mlio. Wanakimbilia wapi? Kwangu. Wote. Kama watoto walioitwa kula.

Halafu anapaza sauti, madungu yote ya bonde yasikie:

"Wifi! Wageni wako hao! Wapikie chai na mandazi!"

Kicheko kinaanza dungu la karibu, kinapita juu ya mpunga, dungu mpaka dungu, kinashuka na mto. Naamini watu wa Kipini, kule mto unakoingia baharini, walicheka bila kujua wanacheka nini.

Nilijaribu kombeo siku moja. Donge lilitoka likanipiga mgongoni mwenyewe.

"Mkono wa mandazi huo," wifi akasema. "Unajua kugeuza, haujui kutupa."

Sasa kuna desturi. Kabla ya kuvuna kabisa, kila mwanamke anakata mpunga mchanga wa shamba lake, anaukaanga, anautwanga ungali moto, anaupepeta. Ndiyo pepeta. Ya kwanza unampelekea mama mkwe, na wanawake wa jirani wanakuja kuionja, maana hapo ndipo inajulikana nani alilinda na nani alilala. Wifi alikuja na sinia limepanda kama kichuguu. Mimi nilikuja na kikombe. Nilikifunika na leso, labda watu wangedhani ni kikubwa chini ya leso.

Wifi akaifunua. Akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima.

"Jameni," akasema, "hii ni pepeta ama ni chumvi ya kutilia pepeta?"

Kulikuwa na kuku anapita zake. Wifi akamwaga kikombe changu kiganjani, akamrushia. Kuku akadonoa, akamaliza, akainua kichwa akatutazama, anangoja chakula kianze. Wanawake walicheka, mmoja akakumbatia nguzo ya nyumba asianguke. Nyumba nzima ikatikisika.

Mama mkwe hakucheka. Yeye alisema jambo baya zaidi ya kucheka.

"Mwanangu, shamba si la kuchezea. Nakupa msimu mmoja tena. Ukiniletea kikombe tena, kipande hiki nitampa mwenye mkono. Wewe utabaki jikoni utupikie."

"Mandazi," wifi akamalizia.

Neno moja tu. Lilinikaa kooni kama mwiba wa kambare. Nilienda nyumbani, sikulia. Nilikaa nikapanga. Nikajiambia, mwanamke huyu siku moja ndege watamjia mpaka atawaita kwa majina. Na mimi nitakuwa juu ya dungu langu, miguu nimeining'iniza, nakunywa chai, na nitapaza sauti madungu yote yasikie: Wifi! Wageni wako hao! Hilo neno nilitaka kumrudishia yeye mwenyewe, halafu likiwa moto zaidi. Nilikuwa nalisema nikiteka maji, nikifagia, nikimenya muhogo. Mume wangu aliniuliza ni nani huyo mgeni anayekuja kila siku wala hafiki.

Nikaanza mazoezi. Kombeo nilisuka mwenyewe, kwa makuti ya mkoma, ule mti ndugu wa mnazi. Donge la kwanza lilivunja chungu cha uji. La pili lilimpata mume wangu akiwa ameinama, na sitasema lilimpata wapi, ila wiki ile alikuwa anakula akisimama. Majirani wakipita kwetu waliweka sufuria kichwani. Mbuzi walihama, wenye mbuzi wakahama kuwafuata.

"Mke wangu," mume wangu akasema, "si umpige tu huyo dada yangu, yaishe? Mimi nitakushikia."

"Sitaki kumpiga. Nataka aone."

"Aone nini?"

"Ndege."

Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta mahali pa kulala kwa tumbo.

Ndipo ikaja ile mvua ya Elinino, mnaikumbuka wenyewe. Mto ulipanda, ukasahau kushuka. Bonde lote likawa maji, shamba langu, shamba la wifi, tuta, madungu, vyote chini. Garsen kwenyewe mama yangu aliniambia baadaye kwamba karai lilielea likaenda na mandazi ndani. Sisi wa Chara tulipanda kwenye mchanga, ardhi ya juu, na wafugaji wakaja na ng'ombe wao mahali hapo hapo, kwa sababu mchanga ulikuwa mmoja. Tukakaa wakulima, wafugaji, ng'ombe, mbu na nyoka, kila mmoja anamwambia mwenzake asogee kidogo.

Watu walilia. Mimi nililia na wao, maana njaa haina mwenyewe. Lakini nitasema ukweli, jicho moja lilikuwa linalia na jingine linaangalia maji. Kwa sababu maji yale yalinifundisha. Nchi kavu ukitupa donge linapasuka, hujui limeanguka wapi. Majini linaacha duara. Nikatupa, duara likatokea kule. Nikatupa tena, duara likatokea huko kwingine kabisa, kama limetupwa na mtu mwingine. Nikaketi nikajiuliza, mkono ni huu huu, kamba ni hii hii, mbona?

Nikatazama madonge. Alikuwa ameyafinyanga mume wangu, maskini, kwa hofu. Moja kubwa kama ngumi, jingine kama zambarau, jingine lina mkia. Nikacheka peke yangu. Bure tu nilikuwa nautukana mkono. Mkono ulikuwa unapewa mzigo mpya kila mara, utajifunza nini? Nikauchukua udongo ule mweusi wa mto, nikaukanda kama unga. Nikaukunja, nikauacha upumzike chini ya leso, nikaukata. Madonge mapacha. Nikayapanga kando ya moto yakauke, nikayageuza upande wa pili, kama niko Garsen na basi limeshafika.

Toka siku hiyo maduara yakaanza kukaribiana. Kwanza yalikaa kama majirani, halafu kama ndugu, mwisho yakawa yanaanguka juu ya mgongo wa mwenzake.

Na nilijiwekea sheria moja. Asubuhi nikiinjika maji ya chai, natupa mpaka yachemke. Yakichemka naacha, hata kama mkono unataka. Kuni zikiwa mbichi, siku hiyo natupa sana. Mvua ikinyesha, natupa na mvua. Nikiwa na homa, natupa na homa, madonge yanaenda yakitetemeka lakini yanaenda. Ikafika mahali nisipotupa chai haina ladha. Mume wangu akawa anaamshwa na pa! pa! anajua sukari inatafutwa.

Kwa namna ya kutupa, mwalimu wangu alikuwa wifi mwenyewe, ila hakujua. Adui unamkariri kuliko mpenzi. Msimu ule wa aibu nilikuwa nimemtazama kwa chuki kutoka alfajiri mpaka magharibi, na chuki ina macho mazuri. Nikifumba macho namwona: mguu wa kushoto mbele, kisigino kinainuka kabla ya mkono, anazungusha kidogo tu, hajichoshi, anatoa pumzi anapoachilia. Nikamwiba kipande kipande. Kisigino chake nikakivaa. Pumzi yake nikaivuta.

Yeye alikuwa anapita akiniona majini, anasimama kiuno kimejaa mikono.

"Wifi, samaki wamekukosea nini?"

"Nawafundisha kuogelea."

"Haya. Ukimaliza uwafundishe kukanda."

Yeye mwenyewe hakutupa hata donge moja kipindi kile chote. Kwa nini atupe? Mkono alizaliwa nao. Nikamwacha alale nao.

Mzee mmoja wa ng'ombe alikuja kwangu na fimbo yake, akasimama mbali kwa heshima na kwa woga.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha malishoni, "kama ng'ombe yangu ilikosea wewe, inaomba msamaha."

"Ng'ombe wako hawana kosa, baba."

"Basi ambia hii kamba yako. Ikilia, maziwa narudi ndani."

Nikahamia upande wa pili wa mchanga. Wabaki ng'ombe wa watu na maziwa yao, ugomvi wangu ni wa mtu mmoja.

Mkono ukawa na akili zake. Nikitembea unazunguka. Nikienda kwa mtumbwi kumsalimia mama yangu Garsen, nikiwa nimesimama hivi nasikiliza habari, leso yake ilikuwa tayari inazunguka juu ya kichwa changu, wateja wameinama chini ya meza. Kanisani wimbo ukikolea mkono ulizungusha kitambaa, na pasta akadhani nimeshukiwa na Roho, akaniombea kwa sauti. Sikumkatalia. Maombi hayatupwi.

Maji yakashuka. Yaliacha tope nono, jeusi, unaweza kulipaka kwenye mkate. Tukapanda, na mpunga ukaota, bwana! Ukiingia ndani ulikuwa unauliza njia. Tukajenga madungu upya. Mama mkwe alipita tutani na fimbo yake, akatazama kipande changu, akatazama cha wifi, akasema tu, "Nakumbuka niliyosema." Basi nikajua. Kipande kile kikiniponyoka, mimi ni mtu wa moshi mpaka nife, na anayenituma chumvi ni wifi.

Punje zikaanza maziwa. Ndege wakaja. Siku ya kwanza wifi akangoja kama kawaida yake, akaachilia donge nyuma ya kundi, ndege wakaruka kuja kwangu, na yeye akavuta pumzi apaze sauti. Sikumpa nafasi. Donge langu lilikuwa limeshafika mbele yao. Pa! Kundi likasimama hewani kama limegonga ukuta, likarudi lilikotoka. Wifi akabaki kinywa wazi, nadhani ndege mmoja aliingia.

Kisha dungu moja mbali likapiga kigelegele.

Tukapigana wiki baada ya wiki, mimi na yeye, na ndege ndio mpira wetu. Anatuma, narudisha. Anarudisha, natuma. Ndege wenyewe walichoka, wengine naamini walienda kutafuta kazi Lamu. Lakini mshindi hakupatikana, maana yeye ana mkono wa kuzaliwa na mimi wa kukanda, na mpunga ukazidi kukomaa pande zote mbili. Mimi sikutaka sare. Sare si kisasi. Sare ni salamu.

Halafu Mungu akaniletea jipu.

Si langu. La wifi. Kwapani, mkono ule ule wa kulia, zimebaki siku chache tuvune. Liliiva likawa kama papai. Hawezi kuinua mkono hata kumpungia mtu. Na ndege wanajua, sijui nani anawaambia. Nilimwona asubuhi ile anapanda dungu lake polepole, mkono umesimama mbali na mwili kama mpini wa birika, na kwa mkono wa kushoto amebeba nini? Debe. Debe bovu.

Nilifurahi mpaka nikaona haya, halafu haya ikapita nikafurahi tena. Nilikuwa nimebeba birika la chai. Nikamimina. Nikaketi ukingoni mwa dungu, nikaining'iniza miguu kama nilivyoota. Kombeo nikaliweka magotini, donge ndani, ili tu alione. Kundi likatoka kwenye matete, jeusi, linapinda na kupinduka. Likapita juu yangu, likaelekea kwake. Wifi akapiga debe. Ndege wakacheka. Wakaanza kushuka juu ya mpunga wake uliokomaa, na mimi nikajaza kifua, neno lile langu la mwaka mzima likapanda kooni:

"Wifi! Wageni wako..."

Pa!

Kikombe cha chai kilikuwa kimemwagika magotini. Nilikuwa nimesimama, mguu wa kushoto mbele, kisigino juu. Kombeo langu lilikuwa tupu. Na kundi lilikuwa linarudi kwenye matete mbio, bila kuonja punje.

Nikautazama mkono. Mkono haukunitazama.

"Nani amekutuma?" wifi akapaza sauti, sauti imejaa hasira na jipu.

"Si mimi!"

"Ni nani basi?"

"Ni mkono!"

"Uambie ukae!"

"Nauambia!"

Nikakaa. Mkono nikaukalia, kabisa, nikauweka chini ya makalio na uzito wangu wote, na mimi si mwembamba, nimelelewa na mandazi. Kundi la pili likatoka. Nikajiambia, tulia, angalia, hiki ndicho ulichokingojea. Ndege wakaanza kushuka, naona mpunga wake unainama, na chini yangu mkono unaruka kama kambare kwenye ndoo. Roho yangu inasema waache wale. Mkono unasema kuna ndege kwenye mpunga. Ndiyo habari pekee uliyokuwa unaijua. Kwamba mpunga ni wa nani, hiyo sikuufundisha. Yale maji ya chai yote niliyochemsha, sikuwahi kuuambia neno "wa nani".

Pa!

Kundi la tatu lilipotoka, mkono nikaufunga kwenye nguzo kwa leso. Ukafungua. Msiniulize vipi. Tangu hapo nikaacha kushindana nao. Nilitupa siku ile kulia na kushoto, kwangu na kwake, nikimtukana wifi kwa kila donge, jina lake linatangulia na donge linafuata. Ukiniuliza nilikuwa na huruma, hapana. Nililinda mpunga wa yule mwanamke nikimchukia vile vile, punje kwa punje, mpaka jipu likapasuka na mpunga ukaanza kukatwa.

Siku ya pepeta mimi nilikuja na sinia ambalo mume wangu alinisaidia kulibeba. Wifi naye sinia lake lilijaa. Wanawake ni wale wale, hata yule wa nguzo alikaa karibu na nguzo. Mama mkwe akaonja langu. Akaonja la wifi. Akatafuna muda mrefu, na alikuwa hana meno mengi, kwa hivyo ulikuwa muda mrefu kweli.

"Hii," akamwambia binti yake, "nani ameilinda?"

Wifi akatazama chini.

"Mkono wa mandazi," akasema chini chini.

"Masikio yangu yana udongo, wifi," nikamwambia. "Hebu sema tena."

"Mkono wa mandazi!"

Jameni, utamu wake! Ndege wangekula shamba lake lote angepata njaa ya msimu mmoja tu. Lakini kusema lile neno, mbele ya nguzo ile, mbele ya kuku yule! Hapo nikauelewa mkono wangu. Labda ulikuwa na sumu kuliko mimi.

Mama mkwe akafuta midomo. "Basi. Kipande chako ni chako, mwanangu, hakuna wa kukugusa. Msimu ujao mtajenga dungu moja hapo tutani katikati. Wewe utalinda vyote viwili."

Nikaanza kupiga kigelegele, kikafia njiani. Vyote viwili? Yaani nimeshinda, na zawadi ni kazi maradufu?

"Na mimi?" wifi akauliza.

"Wewe utampelekea chakula."

Kigelegele kikafufuka.

Msimu uliofuata nilisimama juu ya dungu la katikati kama malkia aliyeungua na jua. Kila jua likipanda wifi anakuja tutani na kikapu kichwani, jipu limepona lakini uso bado una jipu. Mimi namngoja.

"Chumvi imezidi, wifi."

"Leo chumvi haitoshi, wifi."

"Wifi, huu wali ulipikwa ama ulitishwa tu?"

Anameza, anaondoka. Nikila hivyo hata muhogo mkavu unateleza. Halafu siku moja akaja na birika la chai na kitu kimefunikwa kwa leso. Nikaifunua. Mandazi. Alikuwa ameyapika yeye, kwa mkono ule wa kuzaliwa nao. Moja kubwa kama ngumi, jingine kama zambarau, jingine lina mkia. Nikauma. Jino lililia. Ndiyo, ndilo lile nililoling'oa baadaye.

Wakati huo huo kundi likatoka kwenye matete.

Sikufikiri. Lakini safari hii mkono na mimi tulikuwa kitu kimoja, naapa, hatukubishana hata kidogo. Nikachukua andazi la wifi, nikalitia kwenye kombeo, mguu wa kushoto mbele, kisigino juu, nikazungusha. Pa! Lilienda limenyooka kuliko udongo wowote niliowahi kuukanda. Likaanguka mbele ya ndege, hata halikupasuka. Ndege wakageuka. Mmoja alibaki nyuma, akatua kulidonoa, akajaribu mara moja, akaliacha.

"Wifi!" nikapaza sauti, madungu yote yasikie. "Wageni wako wamekataa kula!"

Bonde likacheka mpaka mpunga ukalala. Kicheko kikashuka na mto, kikafika Kipini, na safari hii nilijua wanacheka nini.

Wifi hakucheka. Hakutukana pia. Alisimama tutani, mkono mmoja kiunoni, anatazama lilikoanguka andazi lake. Halafu akanitazama mimi, kwa makini, mikono yangu, jinsi nilivyolishika la pili nikiligeuza geuza vidoleni. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kesho," akasema, "nitakanda tena."

Akabeba birika lake, akaenda.

Na kesho yake akakanda tena. Na kesho kutwa. Nilikuwa nasikia kutoka kwake, kabla hata maji yangu ya chai hayajachemka, ngumi zinaingia kwenye unga, du, du, du. Kila siku madonge yanakaribiana. Mimi nikiwa juu ya dungu mkono umezoea, unatupa wenyewe, lakini masikio yangu yote yako kule kwake. Maana mtu anayefanya mazoezi akiwa na hasira, huyo namjua mimi.